Kioo Juu ya Ufa

Nyumba ya nne kati ya saba. Zimeshikana mabega
kama watoto kwenye picha ya darasa,
na hii ya nne imefumba dirisha moja.
Mama Nyaguthii anafungua kwa funguo mbili na teke.
"Mvua ikinyesha mlango huvimba," anasema. "Mtauzoea."
Mtauzoea, na hatujavuka hata kizingiti.

Ndani, harufu ya mafuta ya taa na unga uliosahaulika.
Dari imechorwa ramani na mvua za miaka thelathini.
Jerotich anatazama juu, mimi natazama chini:
sakafu nyekundu, ile ya kusuguliwa nta hadi ujione meno,
imebaki kung'aa mahali pamoja tu,
mstatili palipokuwa kitanda.

Kisha ufa.
Unaanzia pembe ya dirisha, unashuka ngazi kwa ngazi
ukifuata matofali, unajificha nyuma ya kabati,
na ukijitokeza tena una upana wa kalamu.
Nakuru hii ardhi yenyewe hupasuka.
Kila mtu ana hadithi ya shamba lililofungua mdomo usiku.
Nitajuaje ufa huu ni wa nyumba
au ni wa dunia?

Fundi Makokha alitoa sarafu ya shilingi ishirini,
akagonga, akatega sikio.
Ko. Ko. Pu.
"Hapo plasta na tofali wameshaachana."
Ko. Ko.
Na ng'ambo, kutoka nyumba ya tano,
kitu kikajibu: ko, ko.

"Ukuta huu ni wa wawili," akasema bila kushtuka.
"Wewe utanunua nusu."
Akakoroga saruji kwenye kikopo,
akabandika kipande cha kioo, kikavuka ufa kama daraja,
akachora tarehe kwa msumari.
"Kikipasuka, unatembea. Kisipopasuka, ni kovu.
Nipeni miezi miwili."

Miezi miwili! Mama Nyaguthii ana mnunuzi wa Naivasha,
au anasema anaye.
Tulipiga hesabu nyuma ya risiti ya sako:
mabati, nyaya za umeme, choo, mlango ule wa teke,
tukaacha nafasi tupu mbele ya neno "ufa".
Dada yangu Chelagat: "Nunueni ploti Kiamunyi, mjenge chenu.
Kipya hakina makosa ya mtu."
Kitakuwa na yangu, nikamwambia.
Akanikatia simu.

Usipoziba ufa; methali naijua,
niliiandika ubaoni mara hamsini kwa kuchelewa shule.
Lakini waliotunga hawakusema,
ukuta ukiwa wa wawili,
nani anunue saruji.

Wiki ya sita mvua ilinyesha siku nne mfululizo.
Nikaenda peke yangu kukiangalia kioo.
Kabla sijagusa kufuli, mlango wa tano ukafunguka:
mzee, kandambili, sweta ya reli iliyotoboka viwiko.
"Ni wewe uliyegonga?"
Hakunikaribisha chai. Aliniongoza moja kwa moja chumbani,
tukasaidiana kusogeza kitanda.

Ufa ule ule, uso wake wa pili.
Na juu yake kioo,
saruji imekuwa nyeusi, tarehe ya msumari
ya mwaka ambao nilikuwa sijazaliwa.
Kimepasuka katikati, mstari mwembamba kama unywele.
"Ile mvua kubwa," akasema Bwana Achoki.
"Mke wangu ndiye aliyesikia. Tangu hapo, kimya."
Sikujua anasema kimya cha ukuta
au kingine.
Tukarudisha kitanda.

Kioo chetu sikukiangalia siku hiyo.
Nilifika nyumbani nimelowa hadi soksi,
nikaitafuta risiti, na kwenye ile nafasi tupu
nikaandika: saruji, nusu. Nyingine ya Achoki.
Jerotich akaisoma mara mbili.
Akachukua kalamu mkononi mwangu
akakata laki mbili kwenye bei ya Mama Nyaguthii,
akapiga mstari chini yake,
akauliza kama ule mlango
tutaupiga teke sote wawili au kwa zamu.